Babu na Funda la Kwanza

Nyie mliokulia Gitega miaka ile mtakumbuka jinsi maduka yalivyonukia: sabuni ya mche, mafuta ya taa, ndagala, wale dagaa wakavu. Duka la babu yangu pale Makebuko lilikuwa na harufu hizo zote. Babu alikuwa kaporali jeshini kabla ya kustaafu. Pakiti za chumvi alizipanga kama gwaride, na sisi wajukuu ilikuwa lazima tupige saluti ndipo atupe peremende. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Kisha vurugu zikaanza. Watu waliowahi kuvaa magwanda wakawa wanachukuliwa mmoja mmoja, nasi tukafundishwa mchezo mpya: mtu akimuulizia babu kwa cheo chake, jibu ni moja tu. Nililirudia hata usingizini.

Mchana mmoja akaingia mwanamume mrefu, amevaa koti. "Kaporali iko?"

Babu alikuwa amejibanza nyuma ya magunia ya maharage, karibu kabisa na miguu yangu.

"Haiko. Iko Muyinga kwa shangazi," nikasema, mkojo umenibana.

Mgeni hakuondoka. Aliketi kwenye benchi, akaomba pombe ya ndizi. Bibi, aliyekuwa dukani nasi, akammiminia. Kwa woga akasahau jambo ambalo kwetu halisahauliki: anayetoa kinywaji huonja kwanza, mgeni aone hakuna sumu. Yule mtu akakitazama kikombe, akamtazama bibi.

"We mama, mbona hauonje?"

Akaingiza mkono ndani ya koti. Niliogopa vibaya sana. Nilijua bibi anakufa.

Magunia yakasogea. Babu akatoka, akachukua kikombe, akapiga funda, akakirudisha. "Kunywa. Mama huyu iko na woga tu. Kama uko na maneno, iko na mi."

Mkono ukatoka kwenye koti mtupu. Mgeni akanywa mpaka mwisho, akasema kwa sauti ya chini, "Tulikuwaka kambi moja, Kaporali. Jina yako wameitaja. Toka leo, usingoje kesho."

Tuliondoka jioni ile ile. Uongo wetu wa Muyinga ukawa kweli: tulifikia Butihinda, huko huko Muyinga, kwa shangazi. Babu akaanza upya na meza ya chumvi na viberiti, akatulea wote, akafia kitandani mwake, uso ukielekea mlangoni.

Leo nina duka langu Muyinga mjini. Wajukuu zangu wananywa soda kwa mrija, macho kwenye simu, na nikionja kinywaji cha mgeni wanapiga kelele: "Bibi, microbes! Vijidudu!" Wacha wacheke. Hawajui, na namshukuru Mungu hawajui. Mimi ndiye ninayeukumbuka utoto wangu kwa hamu, zile saluti na zile peremende, na papo hapo moyo unanidunda.

Juzi mtu nisiyemfahamu alisimama mlangoni akamuulizia mwanangu, aliyekuwa nyuma akipanga sabuni. Kumbe alitaka sukari ya jumla. Lakini mdomo ulishanitangulia: "Haiko. Iko Gitega kwa shangazi."