Wawira, vinyonga na wageni wanaoombea chai

Saa moja unusu asubuhi. Wawira Njuki amesimama kando ya ua wa shamba la kahawa karibu na Manyatta, Embu, panga mkononi, na hakati kitu. Anafunua matawi kwanza, moja moja. Kila akisogea anageuka kumtazama mwandishi, hasa mkoba wake.

"Fungua hiyo begi nione," anasema.

Mna daftari, chupa ya maji na sweta. Anaridhika kidogo tu.

Mama huyu wa miaka hamsini na tatu hufanya kibarua cha kupogoa nyua za watu. Humo huishi kinyonga mdogo asiye na pembe, ambaye watafiti wanasema hapatikani kwingine duniani ila huku Mlima Kenya. Majirani humwogopa, wengine humpiga mawe. Wawira humhamisha taratibu kwa kijiti, ndipo anakata.

Mwaka jana alikuja kijana mpole, akidai ni mwanafunzi. Wawira akamwonyesha ua mmoja wote aliokuwa akiupogoa. "Hata chai aliiombea kabla ya kunywa. Sasa mtu kama huyo utamshuku vipi?"

Jumapili iliyofuata, watu wakiwa kanisani, vinyonga wote wa ua huo walibebwa na wezi wanaowauza ng'ambo. Kilichomuuma Wawira zaidi ni maneno. Kijiji kizima kilisema amewauza yeye, na waliokuwa wakimpa kazi wakaanza kumkwepa.

Mwandishi naye, tuseme ukweli, alikuja na shaka hiyo hiyo. Akamuuliza waziwazi kama alipewa chochote.

"Ningepewa, ungenikuta na hizi viatu?" alijibu, akaendelea kukata.

Baadaye akamwonyesha kinyonga mmoja, wa kijani, ametulia katikati ya ua. Picha ikapigwa. Chai ikaletwa. Mwandishi alifumba macho kuiombea, na alipoyafumbua akakuta ya Wawira yako wazi, yanamtazama.

Mwandishi akamwahidi kwamba jina la shamba halitatajwa gazetini. Mama akacheka kwa mara ya kwanza.

"Taja tu. Huyu kinyonga nimemleta na kapu leo asubuhi. Kwao si hapa."

Ameotesha miche ya ua, anataka kuzungushia robo eka yake mwenyewe, vinyonga waliobaki wapate mahali pao. "Hapo hata wewe hutaingia, mwanangu," anasema, bila kutania.

Kapu lilikuwa miguuni pake, kinyonga amesharudishwa ndani. Pikipiki ya mwandishi iliondoka, ikafika kwenye kona, na Wawira bado alikuwa amesimama pale pale, hajaliinua, mtu asije akaona analipeleka wapi.