Utingo wa Nyan Sein

Nyan Sein alifika ofisi ya leseni za udereva macho yakiwa mekundu kama pilipili. Tangu saa saba usiku alikuwa akigema mpira, mti baada ya mti, na kulipokucha hakulala. Alinawa mikono, akavaa shati lake la kwendea hekaluni, akapanda basi na mkewe, Mya Yi. Hii ilikuwa safari ya tatu. Ya kwanza walimrudisha kwa sababu fomu ilitaka jina la ukoo, na Waburma hatuna jina la ukoo. Mtu ni jina lake, basi. Ya pili cheti cha daktari kilikuwa kimepitwa na siku mbili. Ukiwa mgeni katika nchi ya watu unajifunza kuchoka kwa adabu.

Lakini leseni ilikuwa lazima. Binti yao, Cho Zin, alikuwa na mimba ya miezi saba. Mimba ya kwanza mtoto alifia njiani, wakati wakihangaika kutafuta gari la kukodi. Safari hii tajiri wa shamba aliwaachia pikapu kuukuu, kwa sharti moja: bila leseni ya Thailand isitoke getini. Hospitali ilikuwa kilomita arobaini, na kizuizi cha polisi katikati.

Kuendesha kwenyewe hakukumtisha. Kwao Burma, kati ya miji ya Hpa-an na Mawlamyine, alibeba abiria miaka kumi na tisa, na Mya Yi ndiye aliyekuwa utingo wake. Kule magari hupita kulia, na usukani nao uko kulia. Dereva akitaka kulipita lori haoni kinachokuja mbele. Anayeona ni aliyeketi kushoto kwake. Kwa hiyo utingo huchungulia, halafu husema: ngoja, ngoja, njia nyeupe, pita. Ukiwa na utingo mbaya unazikwa mapema. Nyan Sein alikuwa na utingo mzuri, ila alizoea kumsimanga mbele ya abiria kwamba mdomo wake ni redio isiyo na swichi.

"Mjomba, weka kidevu hapa," alisema Bi Orathai, karani wa vipimo, mbele ya mashine yenye taa ndogo pembeni. "Tazama mbele, usigeuze shingo. Taa ikiwaka, taja rangi."

Upande wa kulia alitaja bila kusita: nyekundu, njano, kijani. Kisha Bi Orathai akabonyeza ya kushoto. Nyan Sein akawa bado anasubiri. Mya Yi, aliyesimama nyuma ya bega lake la kushoto, akafungua mdomo bila kujua.

"Kijani."

Foleni nzima ikacheka. "Wapeni leseni moja ya wawili!" akapaza sauti muuza matunda ya durian mmoja.

"Shangazi, nani anataka leseni, wewe au yeye?" aliuliza Bi Orathai, akijizuia kucheka. "Hebu kanisubiri nje."

Akarudia. Kulia, sawa. Kushoto, kimya. Akarudia tena, polepole, na safari hii hakuna aliyecheka.

"Mjomba, taa imewaka mara nne."

"Haikuwaka."

"Imewaka, mjomba. Kamwone daktari wa macho. Leseni siwezi kukupa, nisamehe."

Nje, Nyan Sein aliketi kwenye benchi kama gunia lililotuliwa. Usingizi, hasira na aibu vilimjia kwa pamoja.

"Mashine yao mbovu," alisema.

"Iliwaka, baba Cho. Niliiona kupitia kioo cha mlango."

Alimgeukia, kushoto kwake. Ilimbidi azungushe shingo yote ili amwone, na kwa mara ya kwanza akaligundua hilo.

"Tangu lini?"

"Tangu yule ng'ombe."

Alimkumbuka. Miaka tisa nyuma alimgonga ng'ombe ubavuni, upande wa kushoto, akaapa kwamba mnyama yule aliibuka ardhini. Siku ile ndipo Mya Yi alipoanza kutaja kila kitu: baiskeli hiyo, mama na kapu, shimo, mbwa, watawa wawili.

"Kumbe ndiyo maana ulikuwa hunyamazi!"

"Ndiyo maana."

"Na mimi nikikucheka. Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungeshuka kwenye usukani. Tungekula nini, mama yako na Cho na wewe na mimi? Na baadaye niliona haya. Miaka ilikuwa imeshapita."

Nyan Sein alitaka kufoka, lakini hata kufoka kunahitaji mtu aliyelala. Alifikiria abiria wote wale. Akalia kidogo, mchana kweupe, mbele ya watu wa foleni. Mya Yi hakumwambia anyamaze.

"Cho atapelekwa na nani?" aliuliza mwishowe.

"Mwaka jana ulipokuwa na homa, pikapu iliyozama topeni nani aliitoa?"

"Uliniambia ni tajiri!"

"Ungeniacha nikae kwenye usukani wako?"

Jibu alilijua. Mya Yi alijifuta mikono kwenye sarong aliyojifunga kiunoni, akarudi ndani. Kupitia mlango uliokuwa wazi Nyan Sein alimwona akipewa fomu dirishani, akiandika polepole, kisha kalamu ikasimama. Alijua imesimama wapi: penye jina la ukoo. Mya Yi aligeuka kumtafuta, na uso wake ulikuwa na woga ambao hakuwahi kuuona katika miaka kumi na tisa ya barabara.

Nyan Sein akainuka, akaenda kusimama kushoto kwake.

"Hapo chora kistari," alimwambia. "Ndivyo walivyonifundisha."

Akachora. "Halafu?"

"Njia nyeupe, mama Cho," alisema. "Pita."