Nilivyokufa kwa Ajili ya Kompyuta

Bonaventura, mtoto wa marehemu kaka yangu, alikulia kwangu Nyakisasa akichunga mbuzi, nami nilitaraji angerithi migomba yangu. Wakimbizi walipoingia, mashirika yakawafuata na magari meupe, na vijana wetu wakatupa majembe wakawa watumishi. Yeye alikabidhiwa kompyuta mjini Ngara. Humo mlikuwa na majina ya watu wa kambi nzima. Jina likipotea, mwenyewe anakosa unga.

Mbuzi alikuwa akiwafungia jioni walale. Kompyuta haikulazwa. Mchana iliandikisha watu, usiku ilichapa kadi zao. Mratibu wa ofisi, bwana aitwaye Laurian, aliwatambia wageni kwamba mashine yake haijazimwa tangu masika, kama mtu anayejisifia ng'ombe asiyenyweshwa maji. Ilipoanza kwenda polepole, aligomba.

"Nini kinaivuta nyuma?"

"Ni kinga ya virusi, mkuu. Inakagua kila disketi inayoingia."

"Iondoe. Hapa tuna kazi, hatuna muda wa kukaguana."

Bonaventura akaiondoa. Mashine ikakimbia kwa muda, kisha virusi vikaingia na disketi ya mgeni mmoja, na majina yakaanza kufutika. Ikaletwa kinga mpya kutoka Mwanza. Ilitaka jambo moja tu: mashine iachwe kutwa ijisafishe, isiguswe.

"Tufunge ofisi?" Laurian alicheka. "Labda awe amekufa mtu."

Kesho yake asubuhi kijana alifika kwangu kwa baiskeli, anahema.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Mbona mapema?"

"Nakuomba ufe."

"Mpaka lini?"

"Mpaka jioni tu. Ofisini nimeshawaambia, wanakuja kuzika. Mashine nimeiacha inajisafisha. Ikikatizwa katikati, hata majina yaliyobaki yanakwenda."

Mke wangu Febronia aliweka chini ungo wa maharage. "Mimi machozi ya uongo sina," alisema. Lakini aliposikia habari ya watu kukosa unga, aliingia ndani kutafuta kanga nyeusi.

Zamani, mtu akifa huku kwetu, kilima kizima kiliweka majembe chini, na hakuna aliyeuliza kazi itakwendaje. Mimi nilipewa kutwa moja, na hata hiyo ilikuwa ya mashine. Nikajilaza chumbani, nikajifunika shuka.

Likaja gari jeupe na watu wa ofisi, turubai na mchele. Laurian, ambaye sikuwahi kuonana naye, alinisifu uani: eti nilikuwa mpenda maendeleo, rafiki mkubwa wa shirika. Nusura nikohoe. Kisha nikamsikia akisema, "Basi, tumelia vya kutosha. Shibuda, washa gari. Wachache wabaki wazike, sisi tukafungue ofisi."

"Mkuu, hata mwili haujatolewa!" Bonaventura alidakia.

"Marehemu haendi popote. Ripoti ndiyo inayosubiriwa."

Nikainuka. Nikatoka uani na shuka langu begani.

"Mbona mnaondoka hata hamjala?"

Dereva Shibuda alitimkia migombani na funguo za gari mfukoni. Laurian alikaa chini palepale alipokuwa amesimama. Kumtafuta Shibuda, kumbembeleza, kumshawishi anishike mkono aone una joto, kulikula mchana wote. Walipoondoka jua lilikuwa limezama.

Majina yakapona. Mashine ikawa nyepesi, na Laurian akawaeleza wageni kwamba hiyo ndiyo faida ya kutoizima. Bonaventura akapewa karipio kwa kuzusha kifo.

Mwaka uliofuata Febronia alifariki kweli. Nilikuwa nimekaa na majirani uani gari jeupe liliposimama. Alishuka Shibuda peke yake.

"Shikamoo, mzee. Pole sana." Hakuniangalia usoni. "Nimetumwa nihakikishe kwanza."

Nikamwingiza ndani, nikafunua shuka. Alivua kofia, kisha akarudi garini kutoa taarifa kwa redio.

Bonaventura aliruhusiwa mpaka saa nane mchana. Alimtupia udongo mama aliyemlea, akajipangusa mikono, akapanda gari. Hakuna aliyethubutu kuifunga ofisi.