Acha Maji Yadondoke, Hata Kama Humwamini Jirani

Nakumbuka siku moja kule Buffalo, mwanangu, baba yangu alipokaza koki zote za nyumba kwa mikono miwili, akaenda kulala akifurahi kwamba amemshinda jirani yake. Simu yako ya jana ndiyo iliyonikumbusha. Umeniambia yule mama wa nyumba ya pili hapo mtaani kwenu Beechmont alikuja kukuonya kuhusu baridi, akakutaka uache maji yadondoke na milango ya kabati la sinki iwe wazi. Ulimjibu asante, huku moyoni ukijiuliza anatafuta nini. Sikukucheka. Mama yako na mimi, mjomba wako, tulilelewa hivyo hivyo, kumkaribisha mtu kwa tabasamu na kumchunguza akishageuka.

Wakati ule mama yako alikuwa bado kwenye kambi ya wakimbizi tulikotoka, wewe ukiwa mdogo. Sisi tulikaa mtaa wa Lower West Side, katika nyumba ya mbao ya familia mbili. Chini tulikaa sisi, yaani baba, mama, mimi na wadogo zangu. Juu alikaa Papa Divine, Mrundi aliyefanya kazi ghalani, na mkewe, na mtoto wao mchanga aliyeitwa Divine. Maji ya nyumba zote mbili yalipanda kwa bomba moja lililopita ndani ya ukuta wa jiko letu.

Baba hakumpenda Papa Divine, na mimi nilichangia. Nilikuwa kijana mwenye haya, nisiyesema sana, na watu wa aina hiyo husikia mengi. Siku moja nikiwa kwenye ngazi nilimsikia akimwambia ndugu yake kwenye simu, "Hii ya chini ni kubwa kuliko yetu. Nimeshamwuliza mwenye nyumba. Hawa wakihama, itakuwa yako." Nilimpelekea baba maneno yale kama yalivyo. Tangu hapo, Papa Divine akikohoa tu, baba alisema anatupimia nyumba.

Basi ikaja ile wiki ya baridi kali. Alasiri moja Papa Divine aligonga mlango, akavua viatu, akasimama sebuleni.

"Mzee, usiku wa leo si wa kawaida," alisema. "Acheni koki ya jikoni idondoshe maji, ya moto na ya baridi, kidogo tu, kama uzi, yasigande ndani ya bomba. Fungueni kabati la chini ya sinki joto liingie. Na mlango wa jiko msiufunge."

"Asante, Papa Divine. Salimia mama mtoto," baba alijibu kwa heshima zote.

Mlango ulipofungwa, aligeuka, Kifaransa kikimtoka kama kila akikasirika. "Bon, mmesikia? Anataka maji yamwagike usiku kucha, kesho amwite mwenye nyumba aje aone. Tutolewe!"

"Labda anasema kweli," mama alisema.

"Na kabati? Kabati langu linamhusu nini? Donc mimi nimevuka bahari nije kufundishwa kumwaga maji!"

Ujue baba alikuwa nani kambini. Alikuwa kwenye kamati ya maji, yeye ndiye aliyeshika ufunguo wa bomba la mtaa wetu. Mtu aliyeacha koki ikidondoka aliaibishwa mbele ya foleni nzima, na baba ndiye aliyemwaibisha. Kumwambia mtu huyo aache maji yaende bure ilikuwa kama kumwambia aibe. Alizikaza koki zote. Kisha akafunga mlango wa jiko, akaziba kwa nguo chini yake, tukalala sote sebuleni karibu na hita, kama tulivyozoea kulala pamoja. Jiko likabaki peke yake na baridi.

Asubuhi mama alifungua koki akapata mlio mkavu, kisha kimya. Baba aliupapasa ukuta, akaingiza mkono kwenye kabati, akagusa bomba. Lilikuwa na ukungu mweupe wa barafu. Uso wake ulibadilika. Maji yalikuwa yameganda ndani, na barafu hutanuka; bomba likipasuka maji yangemwagika ndani ya ukuta, na mwenye nyumba asingeuliza mara mbili nani alaumiwe. Tungetoka katikati ya baridi ile, na hatukuwa na pa kwenda.

Akakunja gazeti, akaliwasha, akapiga magoti. Nyumba ya mbao, mwanangu, na moto ndani ya kabati.

Papa Divine aliingia bila kugonga. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka kazini, koti bado limejaa theluji.

"Mzee, zima huo moto!"

"Umekuja kutazama," baba alisema, lakini alilikanyaga gazeti. "Furahi sasa. Mwite ndugu yako ahamie."

Mimi nilitazama sakafu. Papa Divine alinitazama mimi, kisha baba.

"Ni kweli niliiulizia nyumba hii," alisema. "Sikatai. Na mkihama kesho nitaiulizia tena. Lakini bomba hili likipasuka, maji yatapita wapi kumfikia mtoto wangu? Mke wangu amenipigia simu: koki yetu ilidondoka tangu jioni, maji yakakatika kabla ya alfajiri. Hana hata maji ya kumwoshea Divine chupa."

Baba alisogea pembeni.

Papa Divine alifungua koki yetu, akamwita mkewe alete mashine yake ya kukaushia nywele. Alipulizia bomba hewa ya moto, akianzia karibu na koki na kurudi polepole kuelekea ukutani. Mimi alinituma chini ya nyumba nikasimame kwenye koki kuu, ile inayofunga maji ya nyumba nzima, tayari kuifunga nikisikia kelele. Nilisimama pale nikisubiri kusikia ukuta ukimwaga maji. Nilichosikia ni mama akipiga vigelegele. Bomba halikuwa limepasuka.

Usidhani walikuwa marafiki baada ya hapo. Jioni ile baba aliacha maji yadondoke na kabati wazi, ila kwanza alihamisha gunia lake la unga wa fufu kutoka kabatini mpaka chini ya kitanda, Papa Divine asije akaliona. "Nimeyaamini maneno yake," alisema. "Yeye mwenyewe bado."

Nami nakuambia hivyo hivyo kutoka hapa Columbus. Ukitaka kumshuku yule mama, mshuku. Huenda una sababu. Lakini neno lake lipime peke yake, kwa sababu bomba halijui nani anampenda nani. Leo kabla ya giza acha maji yadondoke kama uzi, koki ya moto na ya baridi, hasa sinki lililo kwenye ukuta wa nje. Fungua kabati, na sabuni za sumu ziondoe mtoto asizifikie. Usiufunge mlango wa jiko likakosa joto, na ukisafiri usizime hita. Muulize mwenye nyumba koki kuu iko wapi, uende uiguse kwa mkono wako. Maji yakikatika, mpigie mapema. Moto usiusogeze kwenye bomba, hata kwa dakika moja.

Kisha mgongee yule mama umwulize kama kwake maji yanatoka. Mungu akupe nyumba yenye joto na asubuhi yenye maji, akulinde wewe na walio ng'ambo ya ukuta wako, unaowaamini na usiowaamini.