Koti Yenye Sikufunga Fundo

Kabla hujacheka, ujue kwanza: sikukuwa na homa, sikukunywa kitu, na miwani ilikuwa ku macho. Hii kitu ilinipata mimi mwenyewe, muchana, mbele ya watu. Mutu wa kuniambia nilikosea, akuje ku atelier yangu hapa Tshopo, mu Kisangani, anipe nguo kumi, nitamwambia kila moja ni mukono ya fundi gani. Mushono iko kama sura. Shule niliacha ku mwaka wa tatu, lakini ile ninaisoma.

Bon. Binti yangu Riziki anaishi Bruxelles. Alinitumia tiketi niende nimuone. Mama yake akabaki ku nyumba, juu magoti inamuuma. Nilifika wakati wa theluji. Baridi ya kule, niamini, haiko ile ya mvua ya Kisangani. Ile inaingia mpaka mu meno. Nilivaa pulovere tatu na koti ya muzungu juu, nikawa munene kama gunia ya makala ya kupikia.

Siku moja akanitembeza mu maduka ya nguo. Masanamu imevaa muzuri kuliko gavana. Fasi moja nikaona pantalo imepasuka magoti yote mbili, imewekwa mu kioo. Riziki akaniambia ile njo mode, mutindo ya sasa. Nikamwambia kumbe watu wa Tshopo tuko mode tangu zamani, hakuna mwenye alitujulisha. Akacheka mpaka akanishika mukono. Ile kicheko sijaisikia tena.

Donc, kisha kucheka akaniambia ukweli. Kuna kijana, jina Faustin, mutu wa kwetu, atatukuta ku musée, nyumba ya mapicha ya kuchorwa. Anataka kumuoa. Nikisema ndiyo, Riziki anahamia kwake jioni ile ile. Valizi ilikuwa tayari. Nikisema hapana, anaacha. Utashangaa mutoto mwenye anaishi Poto, kule Ulaya, bado anangoja neno ya papa? Hivi njo nilimulea.

Faustin akakuja na koti nyepesi tu, bila kofia, theluji ku nywele. Akainama, akanisalimia na mikono mbili, akauliza habari ya mama, habari ya nyumba. Adabu muzuri. Nikafurahi. Tukaingia. Ndani ilikuwa joto, mimi nikavua pulovere mbili. Tukapita chumba ya kwanza, ya pili, mapicha ya wanamuke wanene, ya matunda, ya mbwa. Jasho inanitoka. Nikamuangalia kijana: theluji ingali ku nywele yake. Nyeupe, haijayeyuka.

Nikajiambia ni uzee. Lakini jicho ya fundi ikishaamka hailale. Nikaangalia koti yake. Ile bega nilikata mimi. Halafu akainua mukono kumuonyesha Riziki picha moja, koti ikafunguka, nikaona kitambaa ya ndani: kikwembe, kitenge yenye samaki za kijani. Ile kikwembe ilikuwa ya mama ya Riziki. Nilikata kipande yake, sababu kitambaa ya kuweka ndani ilipunguka.

Na koti yenyewe, nilishona kwa maiti. Kijana wa Opala, alizama mu muto Lomami. Sura sikumuona, walinipatia kipimo tu. Sasa mujue, ku familia yetu nguo ya marehemu hatufunge fundo ku mwisho wa uzi, juu roho isikwame. Ku mukono wa kuume wa Faustin uzi ilikuwa inaninginia. Bila fundo.

Riziki alikuwa mbele, anapiga picha na telefone. Kijana akanikaribia, akasema pole pole, kama mutu anaomba maji:

"Papa, ulishaona. Funga basi. Uko na sindano ku kola."

Kweli, sindano haikose ku kola yangu. Nikamuuliza, na nikifunga?

"Nabaki. Nitamutunza muzuri."

"Na nisipofunga?"

Akamuangalia Riziki. "Kule iko baridi, papa. Sitarudi peke yangu."

Wewe ungefanya nini? Nikashika uzi kama nataka kufunga, naye akaninyooshea mukono, anatabasamu. Nikavuta. Uzi yenye haina fundo haibishane na mutu. Ilitoka prrr, kutoka mukono mpaka bega, mpaka mugongo, koti ikaachana vipande vipande. Kijana akafunika kifua kama mutu mwenye amevuliwa mbele ya wakwe. Hakunitukana. Alisema tu, "Eh, papa," akarudi nyuma mu chumba ingine. Mulinzi wa ile nyumba akamufuata mbio. Hakukuta mutu. Chini kulikuwa maji kidogo.

Na Riziki aliona nini? Aliona papa yake anararua nguo ya muchumba mbele ya wazungu. Basi. Telefone ya Faustin haikuita tena. Nilimueleza mutoto yote, samaki, uzi, theluji. Akaniambia, "Papa, umenifukuzia mutu." Siku tatu zikapita, akanipeleka ku avion ya kurudi, bila neno ingine.

Sasa ni mwaka wa nne. Kipimo ya maiti sipokee tena; majirani wanasema ni kiburi. Vidole viwili vyenye vilivuta uzi havishike joto, hata nikiviweka karibu na pasi.

Weye mwenye uko na binti mbali, mutu akikuja kumuomba, usiseme ndiyo juu anasalimia muzuri. Muangalie muda murefu, mu mwangaza, umuulize alizaliwa wapi na nani anamujua. Na ukiona kitu, fanya yenye inapaswa, lakini usingoje aksanti. Riziki anaita mama yake kila siku ya Mungu, ile dimanche. Mama akinipatia telefone, mutoto ananyamaza. Hakate, ananyamaza tu. Ninasikia anapumua. Ninasimama pale na telefone ku sikio, mpaka ile inakatika yenyewe.