Chumvi ya Ng'ombe na Macho Yangu

Mimi nina kiburi, na sitaomba radhi. Kwa hiyo tezi ya shingo ilipoanza kufanya kazi kupita kiasi, mikono ikitetemeka na macho yakinitoka mpaka jirani akaniuliza amenikosea nini, niliumia kuliko nilivyoonyesha. Binti yetu alikuwa anaolewa. Dada yangu, mwenyekiti wa kamati ya harusi, akasema nivae miwani nyeusi kwenye picha ili wageni wasishtuke. Wageni gani? Watu wa hapa kwetu Wamagana, ambao wamekula kwangu miaka yote! Nikamwambia heri nisipigwe picha kabisa, kisha nikaingia jikoni nikalia.

Daktari wangu wa Nyeri alinipa dawa ya kutuliza tezi. Akaongeza kwamba tezi hiyo hutumia madini yaitwayo seleniamu, na kwa macho kama yangu, ambayo hayajaharibika sana, huenda yakasaidia kidogo. Mume wangu alikuwa amekaa kando. Kumbe neno hilo analijua.

Wiki iliyofuata alitoka kwenye boma la ng'ombe na kikombe cha unga wa kijivu.

"Hii chumvi ya ng'ombe iko na seleniamu. Imeandikwa kwa gunia. Si uliona vile ndama walipata nguvu?"

"Baba watoto, kwani mimi nakamuliwa?"

"Nimekula kwanza mimi, tangu tutoke kwa daktari. Nilitaka kuona kama itakudhuru."

Ai! Nilimfokea hadi kuku wakatawanyika, nikampigia daktari simu. Akatukataza kabisa. Kipimo cha mnyama si cha mtu, na madini hayo yakizidi, nywele hunyonyoka na kucha huvunjika. Akaniandikia vidonge vya kipimo kidogo, vya miezi michache tu, na akasema dawa ya tezi nisithubutu kuiacha. Nilimnunia mume wangu siku mbili. Lakini ndani yangu nilijaa fahari. Nionyeshe mwanamume mwingine aliyelamba chumvi ya ng'ombe kwa ajili ya mkewe.

Macho yalirudi, ingawa si sawasawa na zamani. Siku ya harusi mpiga picha alinitazama, akashusha kamera.

"Mama, hauna miwani?"

Dada yangu alikuwa tayari anafungua mkoba. Mume wangu akaufunga kwa mkono wake, akaja kusimama kando yangu.

"Mpige hivyo hivyo," akasema. "Hayo macho nimeyaogopa tangu ujana, na bado nayataka."