Mikono Isiyopakwa Mafuta

Godelieve hapaki mafuta mikononi. Kwa mwanamke wa mji wa Baraka hilo ni jambo la kusemwa, na limesemwa sana, hasa na akina mama wa kwaya wanaomwona kila Jumapili ameshika kitabu cha nyimbo kwa vidole vilivyopauka. Wapo waliomwita bahili. Mmoja alimletea chupa ya mafuta mazuri mbele za watu, siku ya sikukuu, ili ujumbe ufike. Godelieve alishukuru, akampa jirani.

Sababu iko kazini. Yeye hupima kama dawa ni ya kweli, katika depo ya dawa ya kanisa, kwenye chumba chenye dirisha moja, na kazi yake hufanyika juu ya kibati chembamba kilichopakwa unga mweupe. Husaga kidonge, hukiyeyusha, kisha huweka tone dogo chini ya kibati, na kando yake tone la dawa anayoijua kuwa ya kweli. Hukisimamisha kibati kwenye chupa yenye kimiminika kidogo, nacho hupanda polepole kikibeba dawa. Kibati kikikauka huwa cheupe vilevile, na hapo ndipo watu humchoka, maana kilichopanda hakionekani mpaka akimulike gizani kwa taa yake ya zambarau, au akifungie ndani ya chupa yenye punje za ayodini. Moshi wa ayodini hutia doa la kahawia kila penye dawa. Bahati mbaya hutia pia kila palipoguswa na kidole chenye mafuta. Kibati kilichoshikwa ovyo Godelieve hukitupa, na aliyekishika husikia maneno yake.

Msimu wa mvua uliopita alikufa Bienfait, mtoto wa kwanza wa Nadège. Nadège huuza mafuta ya mawese sokoni. Alikuwa amepeleka madumu yake Lulimba, akamwacha mtoto kwa bibi yake, na aliporudi alimkuta anawaka homa. Alikimbia kwenye duka la Gasore, akanunua vidonge vya kwinini, akampa kama alivyoelezwa. Mtoto alimfia mikononi kabla vidonge havijaisha.

Kwenye kilio mtu alisema Gasore anauza chokaa badala ya dawa. Nani aliyeanza, hakuna ajuaye, lakini kufikia mazishi kila mmoja alidai alikuwa anajua tangu zamani. Gasore alipokuja kutoa pole, vijana walimrudisha njiani. Akafunga duka, akajifungia ndani na mke wake. Ni mtu aliyeshuka kutoka milimani, si mzaliwa wa hapa, na wenye midomo wakaanza kutaja alikotoka. Maneno yakifika hapo, kwetu, mtu mwenye akili huanza kufunga virago.

Shefu, mkuu wa mtaa, alipeleka vidonge vilivyobaki kwa Godelieve. Alivipima, akaingia gizani na taa yake, akaona doa la kwinini limekaa mahali pake, kubwa sawasawa na lile la dawa ya kweli. Akatoka akasema dawa ni nzima. Kufikia jioni ilishasemwa kwamba amenunuliwa. Iliuma, kwa kuwa walioisema ni watu ambao yeye amewapimia dawa za watoto wao bila kuchoka.

Kesho yake Nadège alikuja mwenyewe, na nyuma yake uwanja ulijaa watu.

“Mama Godelieve, mi sitaki taa yako,” alisema. “Mule ndani unaonaka we tu. Minataka kuona na macho yangu, mu mwangaza.”

Godelieve alimtazama. Alijua kabisa mwanamke huyu anaomba nini. Anaomba kibati kibaki cheupe penye vidonge vyake, ili aliyemwua mwanawe awe na jina na mlango wa kubishwa. Godelieve naye alizika mtoto, zamani, kule kwao Swima, na alizunguka mwaka mzima akitafuta wa kumlaumu. Kumwonyesha Nadège lile doa ilikuwa kumnyang'anya kitu cha mwisho alichobaki nacho.

Alileta meza barazani, akapima upya mbele ya macho ya watu. Kibati kilipokauka, alikinyanyua kwa koleo dogo akitaka kukiingiza kwenye chupa ya ayodini.

“Lete mi nikiingize,” Nadège alisema.

Vidole vyake vilikuwa na mawese mpaka kwenye kucha. Siku nyingine yoyote Godelieve angemfukuza barazani. Safari hii alimpa.

Wakangoja. Cha kwanza kutokea kilikuwa alama ya kidole gumba, pembeni, ya kahawia. Watu wakaguna.

“Hii iko nini?” Nadège aliuliza.

“Iko kidole yako, mama. Ni mawese.”

Kisha juu zaidi yakajitokeza madoa mawili, bega kwa bega, ukubwa mmoja. Godelieve alikitoa kibati na kutafuta penseli yake, kwa sababu madoa ya ayodini hayakai, hasa kwenye joto la Baraka, na yasipozungushiwa mstari upesi hupotea. Kuzungushia ni kazi yake, na penseli ile haiazimwi. Alimkabidhi Nadège.

“Hii ya kushoto iko ya dawa ya kweli?”

“Ndiyo.”

“Na hii, iko ya Bienfait?”

“Iko ya Bienfait.”

“Nikiizungusha, njo kusema nini?”

“Njo kusema ulipatia mutoto wako dawa ya kweli.”

Nadège aliisogeza penseli karibu na doa.

“Sasa alikufa juu ya nini?”

“Kibati haionyeshake ile, mama.”

Wote wawili walijua kwamba homa ilianza wakati Nadège yuko Lulimba. Godelieve hakuligusa neno hilo, na hataligusa. Nadège aliinama, akachora. Duara likatoka limepinda.

Halafu alichukua kibati, akashuka barazani, akaelekea kwa Gasore. Watu walimfuata, wengine wakajiunga njiani bila kujua kilichotokea. Jua lilikuwa kali. Walipofika kwenye mlango uliofungwa, wale waliochelewa wakasogea kuchungulia, wakaona kibati cheupe na duara bovu la penseli.

“Dawa yenyewe iko wapi?” mmoja aliuliza.

Nadège alitazama. Madoa yote mawili yalikuwa yamepotea, na alama ya kidole chake pia.

“Ilikuwa hapa,” alisema. “Niliiona. Ni mi nilizungusha.”

Wangeweza kumwambia Godelieve kwamba amenunuliwa. Mama Bienfait hakuna aliyethubutu kumwambia hivyo. Nadège akaketi chini mbele ya duka na kulia kwa sauti, kilio ambacho siku ya mazishi kiligoma kutoka. Vijana waliokuwa karibu wakasogea nyuma.

Komeo likafunguliwa. Gasore alitoka bila viatu, akamwona, akaketi mavumbini kando yake, kama mtu anavyoketi anapofika msibani.